Tetris ya NES kwa anayeanza: toka kuchomeka kaseti mpaka kupiga laini nne kwa mpigo

Maswali ni yaleyale kila mara. Mbona kipande kimegoma kugeuka, mbona nafuta laini nyingi afu skoa haisogei, mbona levo haipandi. Kwaiyo nayamaliza yote hapa, ukikwama rudi kwenye hatua husika usome tena taratibu. Naongelea Tetris ya Nintendo, gemu ya kupanga vipande vinavyoshuka ili laini zijae na kufutika, iliyotoka 1989 kwa ajili ya NES (mashine ya gemu ya zamani ya Nintendo), sio hizi za kwenye simu ambazo unaweza kuhifadhi kipande pembeni au kukidondosha chini kwa kubonyeza mara moja. Hii ya zamani haina hivo vitu kabisa na ukiingia nayo kwa mazoea ya gemu mpya itakunyoosha.

Kitu kimoja nataka ukielewe kabla ya yote: wengi wanasema wameshindwa na spidi, lakini ukiangalia bodi zao muda mfupi kabla hawajafa unakuta mashimo matatu manne (nafasi tupu zilizofunikwa na vipande) waliyoyatengeneza kitambo, wakati vipande bado vinashuka polepole. Spidi inakuja tu kudai deni. Mwongozo wote huu ni wa kukufundisha kujenga bila mashimo, mengine yanajileta yenyewe.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- NES inayowaka vizuri na kaseti ya Tetris ya Nintendo. Angalia hapo, kuna nyingine ya kampuni ya Tengen ya mwaka huohuo, kaseti nyeusi, ile inaruhusu watu wawili wacheze pamoja. Hii ya Nintendo ni ya mtu mmoja tu, kwaiyo usihangaike kutafuta sehemu ya kuchagua wachezaji wawili, haipo.
- TV. Za chogo ndo nzuri zaidi, nimeeleza kwenye hatua ya 1.
- Pedi ambayo mishale yake inarudi juu ukiiachia. Pedi iliyochoka, yenye mshale wa kulia unaonata, itakuharibia gemu na utajilaumu bure.
- Ujue una toleo gani. Namba za spidi nilizoandika humu ni za toleo la Marekani. La Ulaya linatembea kwa picha 50 kwa sekunde badala ya 60 na ratiba yake ya spidi ni tofauti, mle levo ya 19 tayari ndo mwisho wa ukali.

Hatua kwa hatua

1. Weka TV sawa. Kama unatumia TV bapa, ingia kwenye seting zake utafute modi ya gemu uiwashe. TV nyingi za kisasa zinachukua picha, zinaisafisha safisha kidogo ndo zinakuonyesha, na huo ucheleweshaji kwenye Tetris unausikia kabisa: umebonyeza, kipande kimesogea, ila jicho lako linapata taarifa baadaye. TV ya chogo haina hiyo shida. Kwa levo za chini utaishi tu na TV yoyote, ukifika 18 ndo utaelewa nasema nini.

2. Chagua A-TYPE (modi ya kawaida, unacheza mpaka ufe), mziki wowote, levo 0. Gemu ya kwanza cheza levo 0 ili uzoee maumbo tu, kipande kinachukua kama sekunde 16 kushuka toka juu mpaka chini kwaiyo una muda wa kutosha hata wa kusinzia. Usikae hapo siku nyingi lakini. Ukishajua batani nenda levo 5, ambapo kipande kinashuka kwa sekunde 7 na kidogo, hapo unapata muda wa kufikiria bila kuboreka. Watu wanaokaa levo 0 mwezi mzima wanajifunza uvivu, wanazoea kusubiri kipande kitue chenyewe.

3. Jua batani zako, hasa zile mbili za kugeuza. A inageuza kufuata mshale wa saa, B inageuza kinyume. Wanaoanza karibu wote wanatumia A peke yake, afu kipande kinachotaka kugeuzwa mara moja kwa B wao wanakigeuza mara tatu kwa A. Levo 5 hutaona hasara, levo 9 utaiona. Jizoeze B toka siku ya kwanza hata kama kidole kinagoma. Mshale wa chini unaharakisha kushuka na unakupa vipointi kidogo, mshale wa juu haufanyi chochote. Start inasimamisha gemu ila inaficha bodi, kwaiyo wale wa kusimamisha ili wapige hesabu, pole.

4. Zijue tabia za vipande saba. Bodi ina safu 10 kwa upana na kimo cha 20. Vipande vinaitwa kwa herufi zinazofanana navyo: I, O, T, S, Z, J, L. Kila kimoja kinataka sakafu yake:

- O inataka safu mbili zilizo sawa, basi. Haigeuki, hainaga maneno.
- T inaingia karibu kila mahali. Inatokea ikiwa imeelekeza pua chini, ikikuta kishimo cha safu moja chenye kina cha moja inakaa vilevile ilivyo.
- S ukiilaza inataka safu mbili sawa afu ngazi ya kupanda upande wa kulia. Ukiisimamisha inataka kushoto kuwe juu zaidi ya kulia kwa moja.
- Z ni kinyume chake: ikilala inataka ngazi iwe kushoto, ikisimama inataka kulia kuwe juu kwa moja.
- J na L ndo mafundi wa pengo la kina cha mbili. Safu ya kwanza kabisa kushoto ikiwa chini ya jirani yake kwa mbili, J inaziba vizuri, inasimama pale na kichwa chake kinalalia jirani. Pengo la hivo likiwa upande wa kulia wa safu iliyo juu, ita L.
- I usiitumie ovyo, kazi yake inakuja hatua ya 5.

Usizitambue kwa rangi! J na S zina rangi moja, L na Z zina rangi moja, I na O na T nazo zimefanana, na kila ukipanda levo rangi zinabadilika. Angalia umbo.

5. Acha kisima kulia. Yani safu ya 10, ile ya mwisho kulia, usiweke kitu. Jenga safu 1 mpaka 9 ziwe zimeshonana, laini nne zikishajaa unasubiri I, unaisimamisha, unaisukuma kulia inaingia, laini nne zinafutika kwa mpigo. Hiyo ndo Tetris yenyewe, na ndo sababu ya kucheza. Angalia malipo: laini moja ni pointi 40, mbili 100, tatu 300, nne 1200, afu unazidisha kwa levo yako ukiongeza moja. Ukiwa levo 9, kufuta mojamoja mara nne unapata 1,600. Kufuta nne kwa pamoja unapata 12,000. Laini ni zilezile nne.

Kwanini kulia na sio kushoto? Kwa sababu I ukiisimamisha katikati inakaa safu ya 6, toka hapo kwenda safu ya 10 ni miruko minne, kwenda safu ya 1 ni mitano. Mruko mmoja unaonekana mdogo ila kwenye spidi kubwa ndo unaoamua kama kipande kimefika au kimenasa njiani.

6. Jenga juu pawe nyororo, na kushoto kuwe juu kidogo. Hapa ndo pa kutulia, ukiiweza hii hatua umemaliza nusu ya gemu. Sura ya juu ya jengo lako inatakiwa ipokee kipande chochote kitakachokuja bila kuacha shimo. Kabla hujaweka kipande usijiulize tu "kinaingia wapi", jiulize "nikikiweka hapa, kinachofuata kitakaa wapi". Bodi tambarare kabisa kama meza inapendeza machoni ila S na Z hazina pa kukaa pale, zinataka ngazi ya moja mahali fulani. Kwaiyo acha ngazi moja mbili za kushuka kuelekea kulia: S inasimama hapo, Z inalala hapo.

Mambo ya kukwepa:

Pengo lenye kina cha tatu au zaidi, nje ya kile kisima chako. Hilo haliingii kitu kingine zaidi ya I, na sasa una midomo miwili inayosubiri chakula kimoja.

Kuweka kipande juu ya nafasi tupu eti "ntakuja kuziba". Hutaziba, utaifunika.

Kupandisha katikati. Vipande vinatokea katikati juu, mlima ukiwa katikati kila kipande kinakosa njia ya kwenda pembeni. Ukilazimika kupanda, panda kushoto, ndo upande ambao hauhitaji kuvukwa na I yako.

Na O kuiweka sehemu inayobakiza safu moja pekee karibu na ukuta wa kushoto. Hili kosa liko kila mahali, ukutani kule panabaki kijishimo kirefu afu unalia unaitafuta J.

7. Soma kiboksi cha NEXT kila kipande. Unaonyeshwa kimoja tu kinachofuata, tofauti na gemu mpya zinazoonyesha vitano sita. Hicho kimoja kinatosha ukikitumia. Mazoea mazuri ni haya: kipande cha sasa kikishajua kinakoenda, jicho linaruka kwenye kiboksi wakati mkono unamalizia. Mwanzoni utakuwa unakosea kuweka kwa sababu jicho limeenda kule, ni kawaida, rudi levo za chini mpaka ikae kichwani.

8. Geuza mapema, ukiwa bado juu. Gemu hii haina huruma ya ukuta. Kwenye Tetris za kisasa kipande kikiwa kimebanwa ukutani ukikigeuza kinajisogeza chenyewe kipate nafasi, hapa kinagoma tu kimya. Kwaiyo geuza kwanza, kisha sukuma. Ukishalijua hilo malalamiko ya "batani imekufa" yanaisha.

9. Jifunze kusogeza kwa njia mbili. Kusogea safu moja au mbili, gonga mara moja mara mbili. Kwenda mpaka ukutani, shikilia mshale. Ukishikilia, kipande kinaruka mara moja, kinasubiri kama robo sekunde, ndo kinaanza kutembea chenyewe, safu moja kila sehemu ya kumi ya sekunde. Ile robo sekunde ya kusubiri ndo inayoua watu levo za juu, na kuna ujanja wake: ukishikilia mshale toka kipande kilichopita hakijatua, na usiachie mpaka kipya kitokee, kipya kinaanza kutembea papohapo bila kusubiri. Ukibonyeza mshale baada ya kipande kutokea, unaanza kuhesabiwa upya. Pia ukisukuma kipande kikagusa ukuta huku umeshikilia, hiyo kusubiri inakuwa imeshalipwa tayari kwa ajili ya kijacho. Levo 5 huihitaji, ila zoea sasa.

Onyo: usibonyeze chini na pembeni kwa pamoja, chini ikiwa imebonyezwa gemu haisikilizi pembeni.

10. Choma laini, yani zifute moja mbili bila kusubiri nne, jengo likizidi kimo. Ukishaanza kupenda laini nne kuna ugonjwa unakuja, unasubiri I mpaka jengo linagusa dari. Vipande vinatoka kwa bahati nasibu, hakuna foleni inayokuahidi kwamba kila baada ya saba utapata I. Gemu inachokwepa kidogo ni kurudia kipande kilekile mara mbili mfululizo, basi. Kwaiyo ukame wa vipande 20 bila I ni kitu cha kawaida kabisa.

Sheria yangu: jengo likivuka nusu ya bodi na kiboksi hakionyeshi I, weka J au L au chochote kwenye kisima kwa namna inayofuta laini moja mbili bila kuacha shimo chini, ushuke, uanze tena. Unapoteza pointi ila unabaki hai. Kuna watu watakuambia usichome kamwe, hao waache na bodi zao.

11. Ukitengeneza shimo, lichimbe kwa mpangilio. Litatokea tu. Usipaniki ukaanza kurusha vipande. Angalia laini gani zimelifunika, zijaze hizo, zifutike, shimo litafunguka. Mpaka hapo sahau laini nne kwanza, na usiongeze kitu juu ya safu ile yenye shimo. Sehemu nzuri ya kufanyia mazoezi haya ni B-TYPE, ambayo watu wanaipita tu kama haipo: unapewa bodi ambayo tayari ina takataka, unachagua kimo kuanzia 0 mpaka 5, unatakiwa ufute laini 25. Kimo cha 3, levo 5, mara chache kwa wiki, na jicho lako la kuchimba litabadilika.

12. Panda levo ukiwa tayari. Lengo la kwanza levo 5: pointi 30,000, gemu inakuzawadia karoketi kadogo kanapaa baada ya kufa. Ukikapata mara kwa mara hamia levo 9. Pale kipande kinashuka kwa sekunde mbili tu toka juu, na unakaa kwenye hiyo spidi mpaka ufute laini 100. Kutoka 8 kwenda 9 na kuendelea mabadiliko sio makubwa sana, mshtuko wa kweli uko 19.

Ukitaka kuanzia moja ya levo za 10 mpaka 19 kuna mlango wa nyuma: kwenye kuchagua levo, weka mshale kwenye namba, shikilia A, bonyeza Start. Namba inaongezeka 10, yani ukichagua 8 unaanzia 18. Nenda uchungulie, ufe, urudi 9. Ina faida moja, ukirudi 9 unaiona imepoa.

Ukikwama

*Skrini ni tupu au taa nyekundu inawaka na kuzima.* Kaseti haijashika vizuri. Zima, toa, safisha meno ya kaseti kwa pamba ya masikio yenye spiriti kidogo, acha ikauke, rudisha. Usipulize kwa mdomo, mate yanaleta kutu.

*Kiboksi cha NEXT kimepotea.* Umegusa Select. Bonyeza tena kitarudi.

*Mziki umeanza kukimbia.* Jengo lako limekaribia juu, gemu inakuonya. Choma laini.

*Nimefuta laini 40 levo haijapanda.* Inategemea ulikoanzia. Ukianza levo 0 unapanda baada ya laini 10, ukianza 5 unasubiri 60, ukianza 9 unasubiri 100. Baada ya hapo ni kila laini 10.

*I inafika juu ya kisima inanasa kwenye safu ya 9.* Umechelewa kuisogeza, au safu ya 8 na 9 umezipandisha mno. Upande wa kulia uwe ndo mfupi kuliko yote.

*Najikuta nina S au Z kila saa hazina pa kukaa.* Umejenga tambarare mno au umejaza ngazi za upande mmoja tu. Rudi hatua ya 6.

*Levo 29 inawezekana?* Kule kipande kinashuka safari nzima kwa theluthi ya sekunde, ukishikilia mshale kawaida hakifiki ukutani, ndo mana kwa miaka watu waliamini gemu inaishia pale. Wanaopita wanatumia vidole kugonga haraka mno badala ya kushikilia. Desemba 2023 kijana wa miaka 13 wa Marekani, Willis Gibson, alifika levo 157 mpaka gemu yenyewe ikaganda. Kwaiyo inawezekana, ila kama bado unaacha mashimo levo 5 hilo swali liweke kiporo.

*Nimezima NES skoa yangu yote imepotea.* Kaseti hii haina betri ya kutunza kumbukumbu. Piga picha skrini kabla hujazima.